Yule mzee wa kwenye Columbo anayebadilika kila kipindi: ni nani, na waigizaji wa namna yake waliishi kwa mapato gani?

Sindano Butu

Wakuu, habari za jioni. Swali kwa wanaoifahamu Columbo, ile tamthilia ya Peter Falk na koti lake la mvua lililokunjamana. Kuna jamaa mmoja mfupi, macho hayatulii, mikono inaongea kuliko mdomo. Kipindi kimoja ni fundi wa suti za matajiri, kingine ni mkuu wa wahudumu kwenye mgahawa wa bei mbaya, kingine ana kampuni ya mazishi, kingine ni mlevi wa mtaani. Haui mtu, hauawi, lakini akishatoka unamkumbuka yeye kuliko nusu ya washukiwa.

Anaitwa nani? Waliwezaje kumrudisha mara zote hizo na sura ileile bila watu kulalamika? La tatu ndilo ninalolitaka hasa: mtu ambaye si steringi, anaonekana dakika tano halafu basi, alilishaje familia? Na haya marudio yanayoonyeshwa dunia nzima mpaka leo, aliambulia chochote? Naomba namba na jinsi mikataba inavyofanya kazi, porojo za utajiri wa Hollywood tunazo za kutosha.

Kabati la Kanda

Huyo ni Vito Scotti. Jina la kuzaliwa ni Vito Giusto Scozzari, San Francisco, 26 Januari 1918, wazazi Waitaliano, na sehemu ya utoto wake ilipita Naples. Alifariki 5 Juni 1996 huko Woodland Hills, California, kwa saratani ya mapafu.

Kwenye Columbo alitokea mara sita. "Any Old Port in a Storm" (Oktoba 1973) ndiye mkuu wa wahudumu, kwenye ile karamu ambayo Donald Pleasence anafoka kwa sababu divai imeharibiwa na joto. "Candidate for Crime" (Novemba 1973) ni Chadwick, fundi wa suti. "Swan Song" (Machi 1974), kile cha Johnny Cash, ni Bwana Grindell wa mazishi. "Negative Reaction" (Oktoba 1974) ni Thomas Dolan, mlevi aliyekuwapo kwenye uwanja wa vyuma chakavu. "Identity Crisis" (Novemba 1975) ni Salvatore Defonte. Kisha kimya cha miaka mingi, tamthilia yenyewe ikasimama 1978, ikafufuka kituo kingine cha televisheni, na "Murder, a Self Portrait" (Novemba 1989) akarudi akiwa mwenye baa. Safari hii mhusika anaitwa Vito, bila hata kujificha.

Angalia tarehe mbili za mwanzo. Ya kwanza ilirushwa 7 Oktoba 1973, ya pili 4 Novemba 1973, na katikati hapakuwa na kipindi kingine chochote cha Columbo. Yaani mtazamaji wa kituo cha NBC alimwona mhudumu, na kipindi kilichofuata papo hapo akamwona fundi cherehani. Msimu huo ulikuwa na vipindi vinane tu na yeye yumo kwenye vitatu. Leo mtayarishaji gani angethubutu?

Mama Kisutu

Ndiye pia yule mwoka mikate kwenye The Godfather (1972), Nazorine, anayekwenda kwa Don siku ya harusi kuomba kijana anayetaka kumuoza binti yake asirudishwe Italia. Sehemu fupi sana ile.

Ukurasa wa Tatu

Naomba nijibu la pili, la kwa nini walimrudisha.

Columbo haifichi muuaji. Unamjua tangu mwanzo, kwa hiyo uzito wote uko kwenye mvutano kati ya watu wawili, mpelelezi na tajiri. Ukiwaacha hao wawili peke yao kwa dakika 73 (au 98 kwa vile virefu) mtazamaji anachoka. Ndiyo maana kila kipindi kina matundu mawili matatu ya kupumulia: Columbo anaingia dukani, anakwama kwa mtu anayependa kuongea, anauliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, anatoka na kipande kimoja cha ushahidi ambacho hukukiona kikipita. Tundu hilo ni kurasa tatu au nne za skripti, na kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya kuonekana. Mwigizaji wa hapo hana nafasi ya kukua taratibu. Lazima mhusika awe amekamilika pale mlango unapofunguliwa: anatoka tabaka gani, anamwogopa nani, anamdharau nani, anataka nini asubuhi hii.

Mtazame Grindell wa mazishi. Hajali kesi, anataka mteja. Columbo anauliza habari za marehemu, yeye anarudisha mazungumzo kwenye huduma anazouza, kwa sauti ya msiba. Vichekesho vyote vinatoka hapo, kwenye watu wawili wanaotaka vitu tofauti, na hakuna hata mmoja anayevunja heshima. Ukimchezesha mwigizaji anayetafuta kicheko, onyesho linakufa.

Sasa kuhusu sura ileile. Mtazamaji humtambua mtu kwa mwendo na mdundo wa kusema kabla hajamtambua kwa pua. Scotti alibadilisha hivyo viwili kwanza, mavazi baadaye. Mkuu wa wahudumu amenyooka mgongo na anamaliza sentensi zake. Fundi suti anamkagua mtu kuanzia begani kwenda chini kabla hajamsalimia. Mlevi Dolan anachelewa nusu sekunde kila akiulizwa, kisha anajibu swali la kabla ya hilo. 

Halafu kuna Falk mwenyewe. Alipenda kufanya kazi na watu anaowajua. Fred Draper, Val Avery na Timothy Carey wote walitoka kwenye kundi la filamu za rafiki yake John Cassavetes, na wote wanarudi tena na tena humo. Cassavetes mwenyewe ni muuaji wa "Étude in Black" (1972). Kwa kipindi kinachopigwa picha kwa ratiba ya kubana, mtu usiyelazimika kumfundisha mdundo wa steringi ni akiba ya saa nzima.

Kitu kimoja ambacho watazamaji hawakioni na ndicho kinachowaangusha wageni wengi: mwendelezo. Onyesho hupigwa kwanza kwa upana, kisha linarudiwa kwa karibu upande wa huyu, kisha upande wa yule. Ukiinua mkono wa kulia kwenye neno fulani mara ya kwanza, uinue mkono uleule kwenye neno lilelile kila mara, la sivyo mhariri hawezi kuunganisha vipande, na kipande chako kizuri kuliko vyote kinatupwa. Sasa fikiria mtu anayeigiza kwa mikono yote miwili kama Scotti. Ile mikono inayoonekana imeachiwa tu ilikuwa imepangwa neno kwa neno. Msingi wake ulikuwa vichekesho vya jukwaani vya Kiitaliano, vile vya mhusika anayetambulika kwa umbo na mkao, na huko mkono haunyanyuki bila sababu.

Hesabu za Pembeni

La tatu ni refu, vumilieni.

Mgeni wa kipindi, yaani mwigizaji anayeitwa kwa kipindi kimoja tu, halipwi kwa dakika anazoonekana. Analipwa kwa siku au kwa wiki alizoshikiliwa. Kwa viwango vya chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, vilivyoanza Novemba 2023 baada ya mgomo, kima cha chini cha siku moja kilikuwa dola 1,158. Mgeni mkubwa wa kipindi cha saa moja anahesabiwa siku nane hata kama amefanya kazi tano, na wa kipindi cha nusu saa siku tano. Kwa hiyo kipindi cha saa moja: 1,158 mara 8 ni dola 9,264. Juu yake huwekwa asilimia 10 ili fungu la wakala lisikate kima cha chini, jumla dola 10,190.40. Wakala akichukua chake unabaki na 9,264, kisha kodi.

Inaonekana nono mpaka ujiulize ni mara ngapi kwa mwaka. Bima ya afya ya chama ilihitaji mapato ya dola 26,470 kwa mwaka kama lilivyokuwa sharti la 2023. Kazi mbili za namna hiyo ni 18,528, hufiki. Tatu ni 27,792, umefika kwa tabu. Ukikosa ya tatu, familia nzima inabaki bila bima mwaka unaofuata hata kama sura yako iko kwenye televisheni kila usiku. Idadi kubwa ya wanachama hawafiki hapo. Wazee nao walibanwa zaidi: kanuni ilibadilishwa ili aliyekwisha kuanza kupokea pensheni asiingie kwenye bima kwa malipo ya marudio peke yake, na Ed Asner na wenzake wakaupeleka mfuko huo mahakamani Desemba 2020.

Hivyo hesabu ya mtu kama Scotti ni ya wingi. Columbo mara sita ni sehemu ndogo sana ya kazi yake. Yumo The Twilight Zone, yumo Batman, yumo The Monkees, yumo Gilligan's Island mara nne, na kwenye The Flying Nun alikuwa na mhusika wa kurudi, Kapteni Gaspar Formento. Mhusika wa kurudi ndiyo ndoto ya mgeni yeyote: si mkataba wa kudumu, lakini unajua mwezi ujao kuna simu. Mwaka 1953 aliwahi hata kushika nafasi ya juu, Luigi kwenye Life with Luigi ya televisheni, akimrithi J. Carrol Naish. Haikudumu, akarudi kwenye kazi za wiki moja moja, na huko ndiko alikoishi kwa zaidi ya miaka arobaini. Kazi ya sauti pia inaingia humu: yule paka wa Kiitaliano, Peppo, kwenye The Aristocats (1970) ni yeye. Kazi ya sauti ina faida moja kubwa, haizuiwi na mtu kusema "huyu tulimwona wiki iliyopita".

Sasa marudio, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Watu wanadhani kila kipindi kikirudiwa mwigizaji analipwa. Inategemea kilipigwa picha chini ya mkataba gani. Mgomo wa 1960 (Machi na Aprili, Ronald Reagan akiwa mwenyekiti wa chama) ulileta mfuko wa pensheni na afya, studio zikitoa dola milioni 2.25 kuuanzisha. Lakini kwa vipindi vya televisheni, malipo ya marudio yalikuwa na kikomo: marudio machache ya mwanzo unalipwa, yakiisha basi, kipindi ni mali ya studio milele. Malipo yasiyo na kikomo yalikuja na mkataba wa 1974. Ndiyo sababu waigizaji wa Gilligan's Island (1964 hadi 1967) wameonyeshwa kwa miongo kadhaa bila senti mpya kuingia.

Scotti anakatwa katikati na mstari huo. Oktoba 1973, Novemba 1973, Machi 1974: upande wa zamani. Kuanzia kazi zilizopigwa picha chini ya mkataba mpya, yaani msimu ulioanza vuli ya 1974 na kuendelea: upande mpya. Mtu yuleyule, tamthilia ileile, studio ileile, na hundi zinakuja kwa vipindi vya nusu ya pili tu.

Sindano Butu

Asante sana Hesabu, hii ndiyo niliyoitaka. Sasa huo "upande mpya" ni kiasi gani? Maana nasikia kuna watu wanapokea hundi za senti. Na Columbo ikirushwa Nairobi au Dar, anayeonyesha analipa kitu kwa warithi?

Hesabu za Pembeni

Kwa mikataba ya sasa, kipindi kikiuzwa kwa vituo vya mitaa vya Marekani, asilimia inashuka kila kinaporudiwa: mara ya pili 40 ya kima cha chini, ya tatu 30, kisha inateremka hatua kwa hatua mpaka 5 kuanzia mara ya 13, na hapo inabaki. Zingatia neno kima cha chini. Hata kama ulilipwa mara tatu ya kiwango, marudio yanapigwa kwa kiwango cha chama. Mtu wa siku moja kwa kiwango kile cha 2023, 1,158 mara asilimia 5 ni dola 57.90, kabla ya kodi.

Senti zinatoka kwingine. Kipindi kikiuzwa kwa chaneli za kebo, hakuna bei kwa kila rudio. Msambazaji akishapata fedha zake, asilimia 6 ya mapato hayo inatengwa kwa waigizaji wote wa kipindi, inagawanywa kwa siku walizofanya na mshahara waliokuwa nao. Chaneli ikinunua furushi la tamthilia kumi kwa mkupuo, thamani inayoandikwa kwa kipindi kimoja ni ndogo, asilimia 6 yake ni ndogo zaidi, kisha wagawane watu kumi na watano. Hundi ya senti 40 si uonevu wa karani, hesabu yenyewe ndiyo inayofika hapo. Kulikuwa na baa Studio City iliyojulikana kwa kumpa kinywaji cha bure anayeleta hundi ya marudio isiyozidi dola moja.

Nje ya Marekani: kwa mikataba ya sasa kuna malipo ya awamu, asilimia 15, kisha 10, kisha 10 kadiri mapato ya nje yanavyovuka viwango, jumla 35 ya kima cha chini. Yakiisha hayo mwigizaji anaingia kwenye fungu la asilimia 1.2 ya mapato ya nje ya msambazaji, nalo la kugawana. Kwa hiyo kituo cha Nairobi hakimlipi mwigizaji. Kinamlipa msambazaji bei ya leseni, na kukirusha mara moja au mara kumi ndani ya muda wa leseni hakubadilishi chochote kwa familia ya Scotti.

Binti Serani

Mmeshughulikia fedha, nyumbani kwake hamjagusa. Alimuoa Irene, wakazaa watoto wawili, na Irene akafariki 1979. Baadaye alimuoa Beverly, wakawa pamoja mpaka mauti yake. Hollywood alisifika kwa mapishi karibu sawa na alivyosifika kwa uigizaji. Kuna mwelekeo wa kuliona hilo kama kijimambo cha pembeni, mimi naona ni sehemu ya kazi: mgeni wa kipindi anaishi kwa kukumbukwa na waongozaji na watayarishaji, na watu wanaomkumbuka mpishi wao humkumbuka hata wakikaa kupanga orodha ya wahusika.

Hospitali aliyofia ni ya Motion Picture & Television Fund, ambayo makao yake ya wazee yalifunguliwa Woodland Hills mwaka 1942. Watu wa filamu na televisheni wanaingia kwa miaka waliyofanya kazi ndani ya sekta, si kwa umaarufu, kwa hiyo kuna mafundi taa na washonaji wa mavazi chumba kwa chumba na waigizaji. Kwa mtu wa kazi za wiki moja moja, taasisi ile na pensheni ya chama ndizo zilizosimama mahali ambapo mwenzetu wa huku angepitishiwa kofia.

Ila tusimsafishe kupita kiasi. Alianza 1949 akiigiza kijana wa Meksiko kwenye Illegal Entry, na tangu hapo studio zilimpa kila taifa lililokuwa "la kigeni": Mmeksiko, Mfaransa, hata Mjapani. Yule mwanamaji Mjapani wa Gilligan's Island, mwenye miwani minene, asiyejua vita imekwisha, leo anatazamika kwa shida. Wakati huohuo walikuwepo waigizaji Wajapani Wamarekani waliokuwa wakisubiri simu. Kipaji cha lafudhi kilimpa Scotti kazi, na mfumo ukakitumia kipaji hicho kuziba milango ya wengine. Yote mawili ni kweli. Nafasi zake bora, Nazorine, mkuu wa wahudumu, dereva wa treni kwenye Von Ryan's Express (1965), ni zile alizokuwa Mwitaliano au mtu wa kazi fulani tu.

Kabati la Kanda

Nakubaliana na Binti Serani kuhusu yule mwanamaji, ila kwenye tamthilia hiyohiyo alifanya pia Dakta Boris Balinkoff mara mbili, mwanasayansi kichaa, na hapo unaona alivyokuwa akipewa nafasi ya kucheza bila kumdhihaki mtu. Anayetaka kumwona jinsi alivyozeeka atafute Get Shorty (1995), msimamizi wa mgahawa. Miaka 22 baada ya Columbo yake ya kwanza, kazi ni ileile ya kupokea wageni mlangoni.

Tahadhari kwa wanaohesabu mitandaoni: kurasa nyingi zinachanganya waliotajwa kwenye maandishi ya mwisho na wasiotajwa. Mike Lally, kwa mfano, anaonekana kwenye Columbo nyingi mno kama mtu wa nyuma tu, bila jina. Ukikuta idadi mbili tofauti za mwigizaji mmoja, angalia kwanza kama wanahesabu hao wa nyuma. Bruce Kirby naye huhesabiwa vibaya kwa sababu mara nyingi ni Sajenti Kramer lakini si kila mara, na anayetafuta jina Kramer peke yake anaacha vipindi vingine.

Ukurasa wa Tatu

Alichosema Binti kuhusu kofia kinanirudisha nyumbani. Mwenzake Scotti kwa huku alikuwa Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi ya KBC, aliyefariki Julai 2015. Mkikuyu aliyejenga Mjaluo kwa lafudhi, suruali na mwendo mpaka watu wakasahau jina lake halisi. Ufundi uleule kabisa. Tofauti ni karatasi. Alipougua macho uzeeni, ilibidi michango ya wananchi ipite, wakati nchi nzima inamjua.

Kwa hiyo kwa wanaosaini mikataba ya tamthilia sasa hivi, Kenya au Tanzania, kuna mambo ya kusoma kabla ya kuangalia posho ya siku. Mkataba unasema malipo ni ya mara moja kwa matumizi yote na milele? Hapo umeuza kila kitu, na hakuna chama kitakachokudai kwa niaba yako baadaye. Kama huwezi kukataa, punguza eneo la hasara: andikisha idadi ya kurushwa au miaka, kwa mfano miaka mitatu kisha majadiliano upya, taja nchi, taja mtandao kama kitu cha kujitegemea, maana "televisheni" kwenye mikataba ya zamani sasa inavutwa mpaka ijumuishe simu za watu. Taja pia vipande vya matangazo, kwa sababu uso wako ukitumika kuuza sabuni hiyo ni kazi nyingine. Kosa linalojirudia ni kusaini ukurasa wa malipo tu huku "masharti mengine" yapo kwenye karatasi ambayo hukuonyeshwa. Omba nakala yote, na kila ukurasa uwe na herufi za pande zote mbili.

Kenya kuna PRISK kwa haki za waigizaji na wanamuziki watumbuizaji, Tanzania kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jisajili mapema, kwa jina la kitambulisho pamoja na jina la kisanii. Wanaojisajili kwa jina la mhusika peke yake wanaleta kazi kubwa siku benki inapodai kitambulisho.

Sindano Butu

Shukrani wote. Moja la mwisho kwa Hesabu: Scotti amefariki 1996. Hundi za vile vipindi vya baada ya 1974 zinakwenda wapi sasa hivi?

Hesabu za Pembeni

Kwa warithi, kwa wosia au kwa amri ya mahakama ya mirathi. Chama kina idara inayoshughulikia marehemu. Mrithi anapeleka cheti cha kifo, hati inayoonyesha ndiye mwenye haki, namba ya mlipa kodi na fomu yake, na anwani. Studio inaendelea kutuma hundi kwa chama, chama kinazipeleka. Mahali zinapokwama ni pawili. Kwanza anwani: familia inahama, hundi inarudi, inaingia kwenye fedha zisizodaiwa. Chama kina ukurasa wa kutafuta kwa jina, na hapo watu hukosa kwa sababu wanatafuta jina la kuzaliwa badala ya lile la kazini. Kwa huyu ungetafuta Scotti, na Scozzari pia. Pili, mrithi naye akifariki bila hati, hapo inabidi mirathi mbili zifunguliwe ili hundi ya dola nane ipite, na wengi wanaiacha tu.